Usingizi Ndani ya Korongo

"Fergus, inua sasa," Tansley alisema kwenye simu ya ndani.

Hakujibiwa. Ndege iliendelea kushuka kichwa chini kuelekea bahari ya kijivu ya kaskazini mwa Uskoti, topido ya mazoezi, lile kombora la kuzamishia meli, ikiwa imefungwa tumboni mwake.

"Fergus! Inua!"

Wilfrid Tansley alikuwa mtu wa ramani. Katika ndege ile ya watu watatu, rubani alikaa mbele, yeye katikati, na nyuma kabisa alikaa Cledwyn Pugh, fundi wa redio ambaye ndiye pia aliyeshika bunduki. Mwenye usukani alikuwa mmoja tu. Tansley alikuwa na ramani, penseli, saa na dira, na hakuna hata kimojawapo kinachoweza kuinua ndege inayokwenda chini.

Alinyoosha shingo akachungulia kwenye mwanya uliokuwa juu ya kiti cha rubani. Kichwa cha Fergus Imrie kilikuwa kimelalia bega, taratibu kabisa, kama cha abiria aliyepitiwa na usingizi ndani ya treni.

Tansley akafungua mikanda. Mtu mwenye akili zake hafungui mikanda ndege ikiwa imesimama kwa pua, lakini aliona afadhali afe akijaribu kuliko afe akingoja. Akaanguka mbele, kifua kikagonga chuma, akapenyeza mkono kwenye mwanya. Vidole havikufika. Akapapasa pembeni, akakamata chupa yake ya chai, ile ya bati, akaisukuma kwa urefu wote wa mkono na kumgonga Imrie kisogoni. Akamgonga tena. Kwa mkono mwingine alivuta komeo la kifuniko cha kioo, na upepo ukaingia kwa kishindo ukazoa ramani zote.

"Amka, mwana wa watu! Amka!"

Kichwa kikainuka. Mikono ya Imrie iliikumbuka kazi kabla akili haijarudi. Ikavuta usukani mpaka ukamgusa tumbo. Ndege ikalia mbavu zote. Tansley alibandikwa sakafuni na uzito wake mwenyewe, hawezi hata kukunja kidole, na alipopata nguvu ya kutazama nje, mawimbi yalikuwa karibu mno hata akamwona shakwe aliyekuwa ametulia juu ya maji akikurupuka kuokoa roho yake.

"Jamani," sauti ya Pugh ilitoka nyuma, nyembamba, "kama tulikuja kuvua, si mngeniambia nibebe nyavu?" Kisha ikasikika sauti ya mtu anayetapika.

Walirudi kituoni Kinmorran. Magurudumu yalipogusa lami na injini ikazimwa, Imrie alibaki amekaa, glavu zake zikiwa bado kwenye usukani.

"Sikulala," akasema.

"Fergus, nilikuona kwa macho yangu."

"Nimesema sikulala. Niliduwaa kidogo tu. Jua lilinipiga machoni."

Tansley alitazama juu. Mawingu yalikuwa yametanda tangu Jumapili.

Ndege yenyewe iliitwa Korongo, na kuzaliwa kwake kulikuwa kwa taabu. Tansley alijua, maana kabla ya vita alikuwa mchoraji katika kiwanda kilichoibuni, akichora bawaba za kukunjia mbawa ili ndege ziweze kupangwa ndani ya manowari za kubeba ndege. Jeshi la wanamaji lilikuwa limechoka na ndege zake za zamani, zile za mbawa mbili zilizovikwa turubai, ambazo zilipigana kishujaa lakini zilikwenda polepole hata mpigaji wa adui aliweza kuwasha sigara kwanza. Likaomba ndege mpya ya chuma itakayobeba topido. Injini iliyokusudiwa haikuja; mafundi wake waliambiwa waiache, nguvu zote ziende kwenye ndege za kulinda miji. Ikatafutwa nyingine, dhaifu zaidi. Halafu kila mkubwa aliyepita alitundika chake, kama watu wanavyotundika makoti nyuma ya mlango: huyu rada, huyu mashua ya mpira, huyu antena. Ilipofika vikosini, miaka miwili baada ya siku iliyopangwa, ilikuwa nzito, yenye miguu mirefu na mabawa yaliyopanda mabegani. Ikikunjwa na kusimamishwa kwenye mvua, ilionekana kama ndege mgonjwa.

Hata hivyo marubani waligundua jambo moja: Korongo ilijua kujitosa. Nyuma ya mbawa zake kulikuwa na vibao vikubwa ambavyo rubani akivigeuza viligeuka breki, na ndege ingeshuka wima kutoka mawinguni imetulia kama jiwe ndani ya kisima. Hicho ndicho wakubwa walichokitaka. Uanzie juu, mizinga isikofika, ujitose, unyooke karibu na maji, uachie topido, ukimbie.

Na huko huko kwenye kujitosa ndiko ilikowaua. Kiangazi kilichotangulia Korongo tatu zilijitosa kwenye mazoezi zisiinuke tena. Hali ya hewa nzuri, injini nzima, hakuna aliyepiga kelele kwenye redio. Wachunguzi walikuja, wakanywa chai, wakatoa jibu lile lile kila mara: kosa la rubani. Kwenye baa ya maofisa, vijana walikuwa na maneno yao. "Korongo akiinama kunywa maji," walisema, "hainui kichwa."

Kamanda Ormerod aliwaita jioni ile ile. Alikuwa mtu mrefu, mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, na ukutani nyuma yake palikuwa na ramani ya pwani ya Norwe iliyofunikwa kwa pazia.

"Mnara umeniambia mmekaribia kulowana," alisema. "Nini kimetokea, Imrie?"

"Nilichelewa kuinua, afande. Ni kosa langu. Halitarudi."

"Ulichelewaje?"

"Jua, afande."

Kamanda alitazama dirishani, kisha akamgeukia Tansley. "Na wewe? Ulikuwa umekaa nyuma yake. Uliona jua?"

Mvua ilikuwa ikipiga bati. Tansley aliwafikiria watu tisa waliokuwa chini ya bahari. Alimfikiria pia Imrie, ambaye walilala naye chumba kimoja mwaka mzima, aliyempa soksi zake kavu zile siku za barafu. Alitamani sakafu ipasuke.

"Hapana, afande," akasema. "Alipoteza fahamu. Nilimwamsha kwa kumpiga na chupa."

Imrie hakugeuka. Lakini Tansley aliona shingo yake ikipanda wekundu kutoka kwenye kola mpaka masikioni.

"Afande, ninachosema ni kwamba ndege ina tatizo," Tansley aliharakisha. "Fergus hajawahi kuzimia. Wale wengine watatu pia huenda..."

"Ninachosikia mimi," Kamanda alimkata, "ni kwamba nina rubani anayezimia. Majira ya kuchipua hayako mbali, na kuna kazi inatungoja kule ng'ambo. Imrie, hutaruka tena mpaka daktari akukague kuanzia unyayo. Tansley, kesho utaruka na Halkett, ndege ile ile, mazoezi yale yale. Halkett akijitosa na kuinuka salama, tutajua mgonjwa ni nani."

Nje, mvua ikiwanyeshea, Tansley alimshika Imrie mkono. Imrie akauchomoa.

"Nilifungua mdomo ili kukusaidia," Tansley alisema.

"Mungu aniepushe na msaada wako basi," Imrie akajibu. "Unajua watu wanamwitaje rubani anayezimia? Hawamwiti rubani." Akaenda zake bila kofia.

Rory Halkett alikuwa kijana wa Arbroath, mji wa wavuvi, mwenye nywele nyekundu na kifua mbele, anayeimba akiruka na anayeimba akinyoa ndevu. Asubuhi alimkuta Tansley akimalizia uji wake wa chumvi, akampiga bega.

"Mzee Tansley! Nasikia unawapiga marubani wako na vyombo vya jikoni. Leo umebeba nini? Sufuria?"

"Rory, nisikilize. Ukianza kujisikia vibaya, usijikaze. Inua mara moja."

"Mimi nikijisikia vibaya ni kwa sababu ya mayai haya ya unga. Twende, bwana, tukamwogeshe Korongo."

Waliruka mawingu yakiwa yamepasuka na bahari inametameta. Halkett aliimba njia nzima juu ya binti wa mwokaji mikate. Tansley alijibana kwenye kiti chake, mikono baridi ndani ya glavu. Alijaribu kukumbuka kila kitu cha jana. Kwa nini yeye hakuzimia? Alikuwa amefungua kidirisha chake cha pembeni kwa sababu ya kichefuchefu. Upepo ulikuwa ukimpiga usoni muda wote. Alipofika hapo katika mawazo, Pugh aliita.

"Afande, kuna mtu kwenye redio ya mnara anapiga kelele. Ni Luteni Imrie. Anasema tuvae barakoa za oksijeni. Wote watatu. Kabla ya kujitosa."

Wimbo ulikatika. "Imrie?" Halkett akacheka. "Yule aliyesinzia kazini? Mwambie arudi kitandani. Barakoa ni za kule juu kabisa, hewa inapokuwa nyembamba. Hapa tulipo hata bibi yangu anapumua."

"Anasema alisikia harufu jana," Pugh aliendelea. "Harufu tamu. Midomo ikafa ganzi. Daktari yuko naye hapo mnarani. Sasa Kamanda naye ameingia, wanagombana... wamekata."

"Rory, vaa," Tansley alisema.

"Sikiliza, mzee. Amri niliyopewa ni kufanya kama ilivyofanyika jana. Nikivaa barakoa watasema Halkett naye ni mwoga. Jitayarisheni, nageuza."

Pua ya ndege ilikuwa imeanza kuinama. Tansley hakuwa na chupa leo, na hata angekuwa nayo, hakuamini bahati ingemtembelea mara mbili.

"Rory," alisema, na akashangaa sauti yake ilivyotulia. "Usipovaa sasa hivi naruka na parachuti. Nimeshika komeo. Utarudi kituoni na kiti kitupu, na Kamanda akuulize uliniacha wapi."

"Huwezi."

Tansley akavuta komeo. Upepo ukanguruma ndani.

"Wewe kichaa!" Halkett alipiga kelele. "Basi, basi! Navaa! Funga hilo dude. Tukishuka, wewe na mimi tutaonana nyuma ya banda."

Tansley alifunga, akavaa yake, akasikia hewa kavu ya chupa ikiingia puani. "Pugh, umevaa?"

"Nimevaa, afande. Inanuka mpira kama kiatu cha bwana shamba."

Halkett akageuza vibao vya breki, na Korongo ikaanguka.

Dunia nzima ilihamia mbele ya kioo. Bahari ilikuja juu, mwanzo kama kitambaa kilichonyooshwa, kisha ikaanza kuonyesha mikunjo, kisha mikunjo ikawa mawimbi. Tansley alitazama kisogo cha Halkett. Hakuthubutu kupepesa.

"Kuna kitu kinanirashia usoni," Halkett alisema ghafla. Utani ulikuwa umemtoka. "Miwani yangu imeingia ukungu. Ni mafuta. Yanatoka nyuma ya geji."

"Usivue barakoa!"

"Sivui, we! Nani amesema navua?"

"Inua!"

"Nainua!"

Ndege ilinyooka juu ya maji, ikanguruma, ikaanza kupanda. Halkett alikuwa akitukana kwa lugha ya wavuvi wa kwao, moja baada ya nyingine bila kurudia, na masikioni mwa Tansley lilikuwa jambo zuri kuliko nyimbo zote za asubuhi ile.

"Pugh," Tansley aliita. "Uko sawa?"

Kimya.

Akageuka. Pugh alikuwa ameinamia bunduki yake, mikono inaning'inia, barakoa kifuani. Alikuwa ameivua ili atapike.

Walishuka kwa kasi ambayo siku nyingine ingemfanya Halkett afungiwe kuruka. Gari la wagonjwa lilikuwa tayari kando ya njia, na mbele yake, akikimbia na koti jeupe lililofunguka, alikuwa Daktari Corrigan, mtu wa Cork mwenye kitambi. Alipanda bawani kama kijana, yeye na Tansley wakamtoa Pugh, wakamlaza majanini. Daktari hakushika kwanza mshipa. Aliinama akanusa skafu ya Pugh.

"Hii naijua kuliko marashi ya mke wangu," alisema. "Etha. Kila nikimpasua mtu nalala nayo usiku kucha puani. Ni dawa ya usingizi, mabwana. Imetoka wapi humu ndani?"

Fundi mkuu, aliyekuwa amekwisha kuingiza kichwa ndani ya chumba cha rubani, alitoka na vidole vinavyong'aa. Nyuma ya geji, kile kipimo cha shinikizo la mafuta, kulikuwa na kibomba chembamba kisichozidi unene wa kalamu. Kilileta mafuta yale yaliyosukuma magurudumu na breki za mbawa, na mafuta hayo yalichanganywa na etha kiwandani. Rubani alipogeuza breki, shinikizo lilipanda, na kiungo kilicholegea kikanyunyiza ukungu usioonekana moja kwa moja kwenye pua yake. Akivuta pumzi mara chache, basi, amelala.

Pugh alifungua jicho moja. "Tumekufa?"

"Bado," Tansley alimwambia.

"Basi niacheni nilale. Nilikuwa naota niko nyumbani."

Imrie alikuwa amesimama mbali kidogo, karibu na gari. Kamanda Ormerod alikuwa kando yake, na hakuna aliyemtazama mwenzake. Baadaye Tansley alisikia mambo yalivyokwenda. Asubuhi, daktari alipomkagua Imrie asione kasoro, aliweka vyombo chini akamwuliza kirafiki tu, mara ya mwisho kukumbuka jambo alikuwa anahisi nini. Imrie alisita sana. Usiku wa kuamkia siku aliyozimia alikuwa amekunywa wiski, na aliogopa kwamba akitaja harufu tamu na midomo ya ganzi, watu watasema ni ile ile chupa. Lakini alikuwa amesikia injini ya Halkett ikiwashwa nje. Akasema. Daktari hakumngoja avae shati. Walikimbia mnarani wote wawili, mmoja kifua wazi.

Kamanda alimwendea sasa. "Umerudi kazini, Luteni."

"Na wale wengine, afande?" Imrie aliuliza. "Mabwana watatu walioandikiwa makosa. Wake zao wameambiwa waume zao walizembea."

Kamanda akaitikia kwa kichwa. "Nitakwenda mwenyewe," alisema. Na wanaomjua wanasema alikwenda, nyumba kwa nyumba, akiwa na kofia mkononi.

Kuanzia siku hiyo ikawa amri: barakoa kutoka ardhini mpaka ardhini. Vibomba vikahamishwa mbali na pua za watu. Imrie na Tansley walirudi kuruka pamoja, lakini kwa siku kadhaa walizungumza mambo ya kazi tu, kama wapangaji wasiojuana. Mpaka asubuhi moja Imrie, akifunga mikanda, aliposema bila kugeuka:

"Kisogo bado kinaniuma."

"Safari nyingine nitatumia mto."

"Safari nyingine," Imrie alisema, "piga mapema." Na hapo yakaisha.

Majira ya kuchipua yalipofika, pazia la ramani ya Kamanda lilifunguliwa. Ndani ya ghuba moja nyembamba ya Norwe, kati ya milima yenye theluji, Wajerumani walikuwa wameficha meli kubwa ya mafuta. Ndiyo iliyozinywesha nyambizi zao, na nyambizi hizo zilikuwa zikizizamisha meli za chakula kila wiki. Korongo zingepelekwa na manowari ya kubeba ndege, zikaruke alfajiri, zijitose juu ya milima.

Bahari ilikuwa chafu asubuhi hiyo. Sitaha ilipanda na kushuka hata ndege ziliruka mara zikielekea mbinguni, mara zikielekea majini. Halkett alitangulia na wenzake wawili. Alipopita mbele ya Imrie aliinua barakoa yake kwa vidole viwili kama bibi harusi anayeinua shela, akapiga busu hewani. Imrie alicheka. Kilikuwa kicheko cha kwanza ambacho Tansley alikisikia kwake siku nyingi.

Walivuka milima. Chini, maji ya ghuba yalikuwa meusi na meli imelala ubavuni mwa jabali, ndefu, ya kijivu, tayari ikianza kutoa moshi wa kuficha. Mizinga ilifunguka kutoka pande zote mbili, na ajabu yake, mingine ilikuwa ikipiga kutoka juu yao, huko milimani.

"Rory anaingia," Imrie alisema.

Tansley aliiona Korongo ya Halkett ikigeuka na kujitosa, wima, imetulia. Risasi zenye moto zilipanda kuilaki. Katikati ya safari bawa la kushoto likashika moto, uzi mwembamba wa rangi ya machungwa ukawa utepe, utepe ukawa shuka.

"Inuka, Rory," Tansley alinong'ona. "Toka hapo."

Halkett hakutoka. Alinyooka juu ya maji kama kitabu kinavyosema, akaishikilia ndege kwa muda ambao kwa Tansley ulikuwa mrefu kama mahubiri, akaachia topido. Kisha bawa lilikunjika, na maji yakapanda juu kama ukuta mweupe.

"Zamu yetu," Imrie alisema. Sauti yake ilikuwa kavu. "Umevaa, Wilf?"

"Nimevaa."

"Pugh?"

"Nimevaa, na leo sijala kitu."

Walianguka. Kitu kilipasua sakafu karibu na mguu wa Tansley na kutokea juu ya kioo. Alisoma urefu kwa sauti, kwa sababu ndiyo iliyokuwa kazi yake, na kwa sababu alijua kwamba mbele yake kuna mtu aliye macho anayemsikiliza. Moshi ukawameza, ukawatema. Ubavu wa meli ulijaza kioo chote. Imrie akaachia topido, na ndege, ikiwa imepunguziwa mzigo, ikaruka juu kama punda aliyevuliwa shehena, ikapita kati ya milingoti.

"Imepigwa!" Pugh alipiga kelele kutoka nyuma. "Ya Bwana Halkett ndiyo iliyopiga! Nyuma kabisa, kwenye usukani wa meli! Yetu... yetu imepiga jabali, afande."

"Jabali la Wajerumani," Imrie alisema. "Tuhesabu hivyo hivyo." Lakini hakuna aliyecheka.

Walirudi manowarini na gurudumu moja likining'inia. Korongo ilitua kwa tumbo, ikazunguka, ikasimama pua yake ikiwa inatazama baharini. Walipotoka, wote watatu walikaa kwenye sitaha iliyolowa mpaka mabaharia walipokuja kuisukuma ndege majini ili ipishe wengine. Tansley aliwatazama wakiisukuma. Alikuwa amezichora bawaba zile kwa mkono wake, na zilikuwa bado nzima.

Kiangazi kilichofuata alipewa likizo, akapanda treni mpaka Arbroath. Mama yake Halkett aliishi karibu na bandari, katika nyumba yenye banda la kukaushia samaki uani, na alikuwa na nywele zile zile nyekundu zilizoingia mvi. Alimkaribisha jikoni, akamwekea chai na samaki wa moshi aliyetoka motoni. Hakulia mbele yake. Alimwacha anywe kwanza.

"Wewe ndiye yule wa chupa," alisema mwishowe. "Rory aliniambia. Alikuita kichaa."

"Ndiyo, mama."

"Sasa niambie, na usinidanganye, maana padre amekwisha kunidanganya vya kutosha kwa nia njema. Ile meli ilizama?"

Tansley aliweka kikombe chini. Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. Kinywa chake kilikwisha kulitengeneza neno.

"Haikuzama," akasema. "Topido yake iliivunja usukani. Waliiburuta wakaipandisha mchangani, na ipo hapo mpaka leo. Haijatoka kunywesha nyambizi hata moja."

Mama alitazama meza. Nje, wanawake walikuwa wakiitana kwa sauti, boti zimeingia. Akaitikia polepole, mara kadhaa, kama mtu anayepima kitu kizito mkononi na kuona kwamba ataweza kukibeba.

"Haya," alisema, akamsogezea sahani. "Kula, mwanangu. Samaki huyu akipoa hana maana."

Tansley akala.